Nyuzi -7.768 ndani ya Ziwa Tanganyika: faili ya .nc inataka kusomwaje?

*"Shikamoo mtaalamu. Niko Kigoma, nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu upatikanaji wa dagaa na joto la maji ya juu ya Ziwa Tanganyika. Nimepakua faili za satelaiti za Julai 2023, zote zinaishia na .nc. Excel ilinionyesha takataka. Kwenye Python, xarray ilikataa, ikadai haina njia ya kuzisoma. Mwenzangu akanishauri nitumie h5py, zikafunguka, ila joto likaja kama namba 842 au -32768. Nikaambiwa nizidishe kwa 0.001, nijumlishe 298.15, kisha nitoe 273.15. Nimefanya hivyo kwa eneo la latitudo -8.9 hadi -3.3 na longitudo 29.0 hadi 31.3. Sehemu kubwa inasema nyuzi -7.768 na wastani wa eneo lote uko chini ya sifuri! Tarehe nikizibadilisha zinaleta Julai 2012. Nikichora ramani, Kigoma inaangukia upande wa Zambia. Na faili moja haifunguki kwa njia yoyote. Je, faili zimeharibika? Nimeanza kufikiria kuzigeuza zote ziwe CSV nifanye kazi yangu kwenye Excel niliyoizoea."*

Marahaba. Nikuondolee hofu kwanza: faili zako ni nzima, isipokuwa hiyo moja, nayo nitaifikia. Hesabu uliyofundishwa pia ni sahihi, ila ulipewa nusu yake. Ziwa lenye barafu, mwaka 2012 na Kigoma kuhamia Zambia ni vioja vitatu vyenye chanzo kimoja. Umesoma namba, hukusoma maelezo ya namba hizo, na maelezo hayo yamo ndani ya faili ileile.

Faili ya .nc ni ya muundo uitwao NetCDF, ulioanzishwa na Unidata kule Boulder, Colorado, Marekani, kwa ajili ya watu wa hali ya hewa na bahari. Si maandishi, kwa hiyo Excel kuonyesha takataka ni jambo la kawaida kabisa. Toleo lake la nne, lililotoka 2008, limejengwa juu ya muundo mwingine uitwao HDF5. Ndiyo maana ushauri wa mwenzako ulifanya kazi: h5py ni maktaba ya Python, yaani kifurushi cha programu, ya kusoma HDF5, na faili zako kwa ndani ni HDF5.

Lakini kufungua si kusoma. Ndani ya faili kuna vigeu, yaani majedwali ya namba: joto, latitudo, longitudo, muda. Kila kigeu kina sifa zilizobandikwa juu yake: kipimo chake ni kelvini au ni nini, namba zizidishwe kwa ngapi, zijumlishwe na ngapi, na namba ipi si kipimo bali ni alama ya pengo. Chukulia meli ya Liemba imetia nanga na shehena: mzigo uko chini, na hati ya shehena inaeleza gunia lipi lina nini. h5py ni mchukuzi hodari, anakushushia kila kitu jinsi kilivyo, ila hati haifungui. Hiyo kazi amekuachia wewe, na hakukuambia.

Sasa tuone hati ya faili yako inasemaje, kwa sababu ukishaelewa hapa hutasumbuka tena na faili yoyote ya aina hii. Mtengenezaji alikuwa na joto la kelvini 298.992. Kuhifadhi desimali kama hiyo huchukua baiti 4 au 8. Namba kamili fupi huchukua baiti 2 tu, na kwa faili ya dunia nzima tofauti hiyo ni kubwa. Basi akachukua 298.992, akatoa 298.15, ambayo ni nyuzi 25 za Selsiasi. Ikabaki 0.842. Akaigawa kwa 0.001, akaandika 842. Wewe unapozidisha na kujumlisha unarudi njia ileile: 842 inakuwa 298.992, na ukitoa 273.15 unapata nyuzi 25.842. Kwa Ziwa Tanganyika mwezi wa Julai hilo ni jibu la kuaminika.

Namba kamili ya baiti 2 huanza -32768 na kuishia 32767. Kwa kizidishio cha 0.001, nafasi hiyo inatosha kubeba joto kuanzia nyuzi -7.767 hadi 57.767, na hakuna bahari inayotoka nje ya hapo, maana maji ya chumvi huganda karibu na nyuzi -1.8. Namba ya chini kabisa, -32768, ikatengwa. Haikuwekwa kama joto. Ni alama ya "hapa hakuna kipimo", na kwenye sifa za kigeu utaiona imeandikwa _FillValue. Nchi kavu yote imejazwa alama hiyo.

Wewe ukaizidisha pamoja na nyingine. Piga hesabu: -32768 mara 0.001 ni -32.768, jumlisha 298.15 upate 265.382, toa 273.15. Ndiyo -7.768 yako, hadi desimali ya tatu. Kwa hiyo si ziwa lililoganda. Ni milima ya Mahale, ni Uvinza, ni upande wa Kongo, vyote vimepewa joto la maji ambalo havina.

Wastani chini ya sifuri nao unaeleweka hapo hapo. Ziwa lina kilomita za mraba 32,900 hivi, na mstatili ulioukata ni mkubwa kama mara tano ya hapo. Ukichanganya sehemu moja ya nyuzi 25 na sehemu nne za -7.768, utaangukia karibu na -1. Dawa ni kuondoa alama za pengo kabla ya hesabu nyingine yoyote. Ukishazidisha, alama inageuka desimali inayofanana na kipimo halali, na kuitafuta baadaye ni kazi ya bure.

Kuna mtego mwingine hukuuliza, lakini nakuona unauelekea, nao ni mbaya kuliko huu. Kesho utaifungua faili kwa maktaba inayosoma hati yenyewe, kama netCDF4 au xarray. Hizo hufanya kuzidisha, kujumlisha na kuondoa mapengo kimyakimya, zikakupa 298.992 moja kwa moja. Ukiwa umeshazoea kanuni yako, utazidisha tena. 298.992 mara 0.001, jumlisha 298.15, toa 273.15, unapata nyuzi 25.299. Hiyo ni namba nzuri sana! Hakuna msimamizi wa kukuuliza kuhusu nyuzi 25.3 ndani ya Ziwa Tanganyika. Ila mahali pa nyuzi 24 napo patakuwa 25.297, na pa nyuzi 28 patakuwa 25.301. Ziwa zima litakuwa sawasawa kama meza, na uhusiano wowote kati ya joto na dagaa utakuwa umeufuta kwa mkono wako. Nyuzi -7.768 zilikupigia kelele ukaniandikia. Kosa la pili halipigi kelele. Kila ukimaliza kusoma faili, tazama namba ya chini, ya juu, na tofauti kati yake. Ukiona tofauti ni sehemu chache tu za elfu za nyuzi moja kwa ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi, umezidisha mara mbili.

Kwa hiyo jua zana yako ina tabia gani. xarray na netCDF4 husoma hati. Kwenye MATLAB, ncread husoma hati, lakini netcdf.getVar hukupa namba mbichi. Kwenye R, ncvar_get ya maktaba ya ncdf4 husoma hati. scipy ina kisomaji chake cha NetCDF, lakini ni cha matoleo ya zamani tu, si la nne, na bila kuambiwa hakizidishi kitu. h5py haizidishi kamwe. Nikiambiwa nikuchagulie, kwa kazi yako nachukua xarray bila kusita.

Suala la tarehe ni fupi. Faili zinazofuata utaratibu wa GHRSST, lile kundi la kimataifa la joto la uso wa bahari, huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1981. Kompyuta nyingi zimezoea kuhesabu tangu 1 Januari 1970. Chukua 1342256400. Ukiihesabu kuanzia 1981 ni 15 Julai 2023, saa 9:00 kwa saa za dunia, yaani saa sita mchana hapo Kigoma. Ukiihesabu kuanzia 1970 ni 14 Julai 2012. Miaka 11 imepotea kwa sababu ya sifa moja, units, ambayo haikusomwa. xarray huisoma na kukuletea tarehe iliyo tayari. Ila kumbuka kuongeza saa tatu utakapolinganisha na daftari la wavuvi, maana wavuvi wa Kibirizi hawaandiki kwa saa za Greenwich.

Ramani kupinduka ni jambo la mpangilio. Katika faili nyingi, mstari wa kwanza wa jedwali ni wa kusini kabisa, na latitudo huongezeka kadiri unavyoshuka kwenye mistari. Chombo cha kuchora picha, kama imshow ya Matplotlib, huweka mstari wa kwanza juu. Basi kusini inakaa juu na Kigoma inateremka kuelekea upande wa Zambia. Usiipindue kwa kubahatisha. Chora ukitumia latitudo na longitudo zenyewe, na ramani itajipanga.

Ukitaka uhakika, ziwa lenyewe lina alama yake. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji baridi ya kina huibuka upande wa kusini. Kwa hiyo ramani ya Julai inatakiwa ionyeshe ubaridi upande wa Kasanga na Mpulungu kuliko upande wa Bujumbura. Ukiona kinyume chake, shuku mchoro kwanza kabla ya kuandika ugunduzi.

Tuje kwenye kukataa kwa xarray. Yenyewe haisomi diski. Hutegemea maktaba nyingine chini yake, na ukiisakinisha peke yake inakuja bila hizo. Andika hivi:

python -m pip install netCDF4 h5netcdf

Nimeanza na python -m kwa makusudi. Laptopu nyingi za wanafunzi zina Python mbili, moja ya Anaconda na moja iliyopakuliwa kando, na maktaba huwekwa kwenye moja huku kazi inafanyika kwenye nyingine. Hapo mtu husakinisha mara kumi na ujumbe unabaki uleule.

Kisha kazi yako yote ya faili moja ni mistari hii:

import xarray as xr
ds = xr.open_dataset("julai15.nc")
print(ds)
ziwa = ds["analysed_sst"].sel(lat=slice(-8.9, -3.3), lon=slice(29.0, 31.3))
joto = ziwa - 273.15
print(float(joto.min()), float(joto.max()), float(joto.mean()))
joto.plot()

Jina la kigeu, analysed_sst, ni la kawaida kwa faili za aina hii, lakini usiniamini mimi: print(ds) itakuonyesha majina yaliyomo kwenye faili yako. Huo ndio mstari ambao watu huuruka, na ndio wa kusomwa kwa utulivu kuliko yote.

Kwenye slice pana jambo la kuangalia. Nimeandika -8.9 kwanza kwa kuwa ramani yako iliyopinduka inaonyesha latitudo zinaanzia kusini. Ukikutana na faili inayoanzia kaskazini, geuza: slice(-3.3, -8.9). Usipogeuza, xarray haitalalamika wakati wa kukata. Itakupa jedwali tupu, lisilo na cha kuhesabu. Kwa longitudo tuna bahati. Baadhi ya faili huhesabu -180 hadi 180, nyingine 0 hadi 360, na kwa sisi wa nyuzi 29 mashariki namba ni ileile kotekote. Wenzetu wa Brazili ndio wanaojua shida yake.

Ukitaka sehemu moja badala ya eneo, usitumie latitudo na longitudo za mji. Kigoma mjini ni karibu -4.88 na 29.63, na hapo unaweza kuangukia nchi kavu ukapata pengo. Sogea ndani ya maji, longitudo 29.4 hivi, na utumie method="nearest", inayochukua sehemu iliyo karibu zaidi.

Kata kipande kabla ya kufanya hesabu, usikate baadaye. Faili ya dunia nzima yenye gridi ya nyuzi 0.01 ina visanduku milioni 648. Vikigeuzwa kuwa desimali za baiti 8 vinataka zaidi ya GB 5 za kumbukumbu, na laptopu ya GB 4 itaganda palepale. Mstatili wako una visanduku 128,800 tu. xarray haipakii kitu mpaka ukihitaji, kwa hiyo ukikata mapema, mashine haitahisi mzigo. Tena watoaji wengi wa data wana huduma ya OPeNDAP, ambayo hukata kipande kulekule kwenye seva ukapakua ziwa peke yake. Kwa bando la kununua, hilo ni jambo la kuulizia kabla ya kupakua faili ya pili.

Ile faili moja sugu, usiipigie ramli. Soma baiti zake nane za mwanzo:

print(open("julai22.nc", "rb").read(8))

Ukiona herufi HDF, ni toleo la nne. Ukiona CDF mwanzoni kabisa, ni NetCDF ya zamani, ambayo h5py haiwezi ila netCDF4 inaiweza. Ukiona alama ya < ikifuatiwa na maandishi kama html au !DOCTYP, basi hukupakua data; ulipakua ukurasa wa kuingiza nywila, ukahifadhiwa kwa jina la faili. Hutokea sana kwa hifadhi za data zinazotaka ujisajili. Na kama mwanzo ni HDF lakini bado inagoma, linganisha ukubwa wake na ule uliotajwa mahali ulipoipakua. Mtandao ukikatika katikati, faili hubaki na kichwa kizima na mkia uliokatwa. Ukurasa wa nywila na faili iliyokatwa havina matibabu. Futa, pakua upya.

Kuhusu CSV, nakuelewa. Ila mstatili wako kwa siku 31 ni mistari 3,992,800, na karatasi moja ya Excel huishia 1,048,576. Hata kama ingetosha, CSV hutupa sifa zote, na miezi sita baadaye hutakumbuka kama safu ile ilikuwa kelvini au Selsiasi. Fanya kazi nzito kwenye xarray, pata wastani wa kila siku wa eneo lako la uvuvi, kisha hiyo mistari 31 ipeleke Excel kwa raha zako. Hapo CSV haina ubaya wowote. Na kama unachotaka ni kutazama tu kilichomo, kuna Panoply ya NASA, ya bure, inayochora ramani bila kuandika mstari hata mmoja wa programu.

Nisikuachie imani kubwa kuliko inayostahili. Satelaiti za miale ya joto huona ngozi ya juu kabisa ya maji, na haziwezi kupenya mawingu. Faili ambazo hazina mapengo juu ya maji zimejazwa kwa makadirio kutoka siku na sehemu za jirani, kwa hiyo sehemu zilizokuwa na mawingu na zisizokuwa nayo hufanana machoni. Tafuta vigeu vya analysis_error (makadirio ya kosa) na mask (alama za maji na nchi kavu) ndani ya faili yako na uvisome, hasa ukizingatia kwamba data hizi zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya bahari, na ziwa lina mwambao mrefu ambapo kisanduku kimoja huchanganya maji na nchi. Visanduku vinavyogusa ufuko, mimi ningeviacha nje.

Hilo ndilo linalohitaji mtu wa ana kwa ana kuliko mambo ya Python. Kituo cha TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, kiko hapo hapo Kigoma. Nenda ukaulize kuhusu vipimo vya joto vilivyochukuliwa ndani ya maji, ulinganishe siku chache kabla ya kuandika sura ya matokeo. Ukikwama kwenye faili zenyewe, tafuta mtu wa hali ya hewa au mwalimu wa chuo anayeshughulika na data za tabianchi, maana hao huishi na NetCDF kila siku. Nenda haraka, usisubiri, kama faili haina sifa za units (kipimo) au scale_factor (kizidishio) kabisa: hiyo imepita mikononi mwa mtu akazifuta, na hakuna programu ya kukisia zilikuwa nini. Utakapokwenda, beba kwenye flashi faili ya .nc yenyewe jinsi ilivyopakuliwa pamoja na matokeo ya print(ds). Usibebe CSV yako, wala picha ya skrini ya -7.768.